Teke la Bunduki ya Baba

Tarehe 3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniambia unakohoa. Kama bado unapaka bunduki mafuta huku dirisha la karakana limefungwa, basi kohoa tu, huna wa kumlaumu.

Mimi mzima. Huu ni mwezi wa pili hapa shamba la wanyama. Wawindaji tuko watano, mwanamke ni mimi peke yangu. Kazi ni kupunguza kulungu na nguruwe mwitu wanapozidi malisho, na nyama inachukuliwa na mchinjaji. Nimepewa chumba cha mwisho, ukuta mmoja na stoo ya chumvi ya wanyama, kwa hiyo nguo zangu zote zina ladha.

Tarehe 20 Julai anakuja mkaguzi kunipima: risasi tano kwenye shabaha, halafu kulungu mmoja porini, yeye akiwa nyuma ya bega langu. Nikifaulu nimeajiriwa moja kwa moja. Nikishindwa nitapelekwa kufungua na kufunga geti, na hapo ndipo nitakapozeekea.

Usiwe na wasiwasi. Nabeba ile bunduki ya baba, tatu-saba-tano, na kila anayeiona anamtaja yeye. Hata msimamizi wetu, tunayemwita Kifaru kwa sababu ya shingo yake, aliishika kwa mikono miwili akasema, "Hii ndiyo bunduki ya mtu." Yake yeye ni kubwa zaidi, magnamu. Wiki iliyopita nilimpata kulungu dume, mkubwa.

Sasa nina swali, ila si langu. Kuna mwenzangu hapa ana bunduki kubwa na risasi zake zinakwenda chini. Analenga bega la shabaha, anatoboa majani. Kifaru anamwambia anunue kaliba kubwa zaidi, eti ikigusa popote mnyama analala. Wewe fundi unasemaje? Au darubini ya kulengea imelegea?

Mpwao,
Sisimizi

*

Tarehe 9 Juni

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Dirisha nimefungua. Sasa linaingiza vumbi, nakohoa vumbi.

Nimesoma habari za huyo mwenzako nikamhurumia sana. Msalimie. Mwambie fundi wa mjini amesema hivi.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Si kipimo cha uanaume. Tatu-saba-tano ilitengenezwa kwa ajili ya nyati. Kulungu ana uzito wa mtu mzima mwembamba, kama wewe ukiwa umeshika mfuko wa unga. Huhitaji kumwangushia ukuta. Mnyama anauawa na mahali risasi ilipoingia: nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu na moyo. Risasi ya wastani ikifika pale, anakwenda hatua chache anaanguka. Risasi kubwa ikipiga tumbo, anakimbia siku nzima na maumivu yake, na huyo Kifaru wenu aje aniambie amelala wapi.

Mbili-nne-tatu ni nyepesi, inafaa sana kwa kulungu, lakini nguruwe dume mwenye ngozi nene akikugeukia upande siiamini. Tatu-sifuri-nane inamaliza kazi zote mbili, na teke lake linavumilika. Kati ya hizo kuna saba milimita, upana wa penseli, risasi ndefu inayopenya mpaka ndani bila kelele nyingi. Kwa mtu mwenye mwili mdogo, mimi ningempa hiyo nikalala usingizi. Simaanishi wewe. Namaanisha huyo mwenzako, ambaye sijui kwa nini namwona mwembamba.

Kuhusu darubini, huenda imelegea, huenda haijalegea. Kuna namna ya kujua. Nimempa dereva wa lori la chumvi bahasha yenye maganda manne. Yana kichwa cha risasi, lakini ndani hayana baruti wala fataki. Kwa macho hayana tofauti na risasi zenu. Mtu anayejua bunduki amshindilie mwenzako moja moja, mara nzima, mara tupu, bila kumwambia. Na mwenzako ahesabu kila moja ni nzima mpaka ibainike. Atazame ncha ya mtutu pale inapogonga tupu. Mtutu hauwezi kusema uongo.

Halafu aniandikie yeye mwenyewe. Mkono wake utakuwa unafanana na wako, sitashangaa.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Unajua kumnyoa mtu bila maji.

Ni mimi. Ulijua tangu mstari wa kwanza ukajitia hamnazo.

Nilimwomba mama wa stoo anishindilie. Aliwahi kuwa askari, na hana maneno mengi. Ya kwanza ilikuwa nzima, ikaenda chini. Ya pili nikavuta kifyatulio, ikalia *ta*, na mtutu ukainama wenyewe mpaka karibu na udongo, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Macho nilikuwa nimefumba. Sikujua kama huwa nafumba macho! Mama wa stoo akasema, "Darubini yako nzima. Wewe ndiye uliyelegea." Akaendelea kushindilia. Tupu zote nne, mtutu uliinama mara nne.

Yule kulungu niliyekuandikia sikumpata. Nilimvunja mguu wa nyuma. Tulimfuata siku mbili, mimi mbele, Kifaru nyuma yangu anatazama saa. Tulimkuta amelala kando ya bwawa, bado anajaribu kusimama. Kifaru ndiye aliyemmaliza. Njiani akaniambia, "Usijali, andika umempiga wewe." Nikaandika. Nimekuandikia wewe pia. Tangu siku ile nikishika bunduki bega linajikunja kabla sijagusa kitu.

Mjomba, baba aliibeba bunduki hii miaka ishirini na kitu. Kila mtu anajua. Mchinjaji bado anasimulia: risasi moja, kulungu mmoja, na nyama haijaharibika hata kiganja. Mimi ni damu yake na siwezi kuivumilia hata mara tano mfululizo. Wiki hii nimekaa kitandani nikajiuliza nimekuja kutafuta nini huku. Nikishindwa tarehe 20 sitakwenda getini. Nitafunga mizigo nirudi, na sitaigusa tena.

Tafadhali mama asijue.

Mpwao,
Sisimizi

*

Tarehe 23 Juni

Sisimizi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole, mwanangu. Pole kwa kulungu pia. Kila mwindaji ana mmoja anayemtembelea akilini. Mimi nina wawili, ndiyo maana nikawa fundi.

Sikiliza. Kufumba macho si woga. Mwili wako umepigwa teke mara nyingi na sasa unajikinga mapema. Una kilo hamsini, na bunduki ile inapiga teke la punda. Huwezi kuukaripia mwili ukaacha. Unaupa bunduki isiyouumiza, na baada ya siku chache unasahau.

Kabatini kwangu kuna saba milimita. Ya zamani, ina mtutu mzuri sana, naisafisha mwenyewe kila mwezi. Ni ya mteja ambaye hatarudi kuichukua. Ukiniuliza mteja gani sitakujibu, kwa hiyo usiulize. Leseni yake ilihamia kwa duka langu, na jana nimepeleka karatasi kituo cha polisi ili iingie jina lako. Wakimaliza, itabidi uje mjini kuweka sahihi. Kitako nitakikata kidogo kifuate mkono wako.

Ukiipiga mara ishirini tutaongea tena habari za kufunga mizigo.

Mama yako sijamwambia. Ila alinikuta nasoma, akauliza kwa nini nimekunja uso. Nikamwambia ni bili ya umeme.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Asante, lakini hapana.

Nimefikiri wiki nzima. Nikitokea mbele ya mkaguzi na bunduki ya mteja nisiyemjua, nimeacha ya baba chini ya kitanda, nitakuwa nimesema nini? Kwamba aliyoweza yeye mimi siwezi. Hapa wote wanajua mimi ni mtoto wa nani. Ndiyo sababu walinichukua, Kifaru alinitamkia hivyo siku ya kwanza. Juzi alinipitia akaniambia, "Baba yako hakulialia bega." Nilitamani ardhi inimeze.

Nitajikaza. Nimeshona taulo ndani ya koti upande wa bega. Nafanya mazoezi kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla wenzangu hawajaamka. Mama wa stoo anasema mtutu bado unainama, lakini yeye hajawahi kusifia kitu tangu azaliwe.

Najua unanipenda. Ila wewe ni fundi, wewe unaona chuma na mbao. Mimi hii bunduki ndiyo kitu pekee cha baba nilichopewa mkononi. Acha nishindwe nayo, kama ni kushindwa.

Na mjomba, huyo mteja wako ni nani mpaka umfiche?

Mpwao,
Sisimizi

*

Tarehe 5 Julai

Sisimizi,

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Nilimwapia mtu nikiwa nimeshika mkono wake hospitalini kwamba sitasema, na leo nasema. Akinisubiri huko aliko, tutagombana huko huko.

Mteja ni baba yako.

Ulipokuwa na miaka sita hivi, alikuja karakana akaniambia nifunge mlango. Akavua shati. Bega lilikuwa jeusi mpaka kifuani. Akasema, "Shemeji, siwezi tena. Nafumba macho." Yeye, jitu lile! Alikuwa amejeruhi wanyama watatu mfululizo na hakumwambia mtu. Nilimfanyia zoezi lile lile la maganda matupu nililokufanyia wewe. Unadhani nililisoma wapi? Mtutu wake uliinama kuliko wako.

Nikampa saba milimita. Kuanzia siku hiyo, kila alipokwenda kuwinda alipitia mlango wangu wa nyuma, akaacha kubwa, akachukua ndogo. Jioni akarudi, akaacha ndogo, akabeba kubwa begani, akapita barabara kuu kifua mbele watu wakimpigia makofi. Miaka kumi na mmoja, Sisimizi. Kila kulungu anayesimuliwa na mchinjaji alipigwa na penseli. Ndiyo maana nyama ilikuwa haiharibiki.

Nilimwambia mara nyingi awaeleze. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni. Alisema watu wameshamzoea na ile kubwa, na wewe hasa ulikuwa unapenda kumwona nayo. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilidhani namlinda. Kumbe nilikuwa nakuachia mzigo alioshindwa yeye kuubeba, na ningekaa kimya mpaka uumie. Nisamehe.

Namkumbuka sana shemeji yangu. Alikuwa mwindaji mzuri kuliko hata wanavyosema. Lakini alikuwa mzuri kwa sababu alijua kaliba yake, hata kama aliijulia mafichoni.

Karatasi za polisi zimetoka. Njoo Jumamosi.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Mjomba wako amekuja jana na barua yake mkononi, kama mtoto aliyevunja kikombe. Akaniomba nikae chini. Akanisomea yote. Nikacheka mpaka akakasirika.

Nilijua. Nani alikuwa akimkanda baba yako bega kwa maji ya moto kila akirudi porini? Mimi. Halafu siku moja anarudi na kulungu, anasema bega linauma, anavua shati, bega safi. Nikamkanda hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja nimemkanda mtu asiyeumwa, naye analalamika pale pale ninapogusa, "Taratibu, mama, hapo hapo." Tulikuwa na raha sana dakika zile, sikutaka kuziharibu kwa ukweli.

Lakini sasa naona tulivyokosea wote watatu. Yeye kanificha mimi, mimi nimemficha kwamba najua, kaka yangu katuficha wote, na wewe ukakua ukiamini baba yako alikuwa wa chuma. Hakuwa wa chuma. Alikuwa anaumia kama mtu yeyote, na akatafuta njia. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo, na nasikitika sikuwahi kumwambia.

Nimejua pia habari ya mguu wa kulungu. Mjomba wako hajui kuficha, bili ya umeme huwa naletewa mimi. Hukuwa na haja ya kuniogopa. Huyo kulungu mwandike kama ilivyokuwa.

Njoo Jumamosi mapema. Ukija na lile koti la taulo nitalifumua mwenyewe.

Mama yako

*

Tarehe 23 Julai

Mama, Mjomba,

Shikamooni wote wawili. Nawaandikia pamoja kwa sababu nimechoka na mambo ya huyu asijue na yule asijue.

Tangu niondoke pale kwenu Jumamosi ile nimepiga saba milimita kila siku. Siku mbili za mwanzo bega lilijikunja kwa mazoea. Siku ya tatu mama wa stoo alinishindilia ganda tupu, ikalia *ta*, na mtutu ukabaki palepale. Nikamgeukia nikitegemea neno. Akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Tarehe 20 mkaguzi alifika saa moja asubuhi, mwanamume mfupi mwenye miwani na faili. Kabla ya risasi kuna fomu ya kujaza, na hilo hakuna aliyenionya. Swali la nne: umewahi kujeruhi mnyama akakimbia? Kifaru alikuwa amesimama pembeni yangu, akanikonyeza, kidole chake kiko kwenye neno "hapana". Nikaandika ndiyo, na tarehe, na mguu upi, na nani alimmaliza, na kwamba daftari la shamba linasema mimi na si kweli. Kalamu ilikaribia kupasua karatasi. Mkaguzi alisoma, akamtazama Kifaru muda mrefu, akafunga faili. Nikajua nimejifungulia geti mwenyewe.

Kwenye shabaha, risasi nne ziliingia, ya tano ilitoka kwa upana wa kidole kwa sababu niliharakisha. Halafu tukaingia porini. Tulimkuta dume mmoja hatua mia na thelathini, nusu yake nyuma ya kichaka. Nilisubiri. Mkaguzi alikuwa anapumua sikioni mwangu na mbu walikuwa wanakula shingo yangu, nikasubiri tu. Alipopiga hatua mbele, bega likaonekana. Mjomba, sikusikia teke. Nilimwona kwenye darubini mwanzo mpaka mwisho, macho wazi. Alikimbia hatua thelathini akaanguka, na tulipofika alikuwa ameshakufa. Nilipiga magoti pale nikalia, na sikujali nani ananitazama.

Mkaguzi aliuliza kaliba, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini nilibadilisha wakati fomu ya maombi inasema tatu-saba-tano. Nikamjibu, "Ile ilikuwa inaniumiza, kama ilivyomuumiza baba yangu." Akaandika hayo hayo. Halafu akasema jambo moja tu: kwamba swali la nne huwa analisoma la kwanza, na kwamba wengi huandika hawajawahi kumjeruhi mnyama hata mmoja, cha ajabu. Akapiga mhuri. Nimeajiriwa! Daftari la shamba limesahihishwa, na Kifaru ameandikiwa barua ya onyo. Nilidhani atanichukia.

Jana alasiri alinifuata nyuma ya stoo. Akatazama huku na huku. Akasema, "Hiyo ndogo yako. Naomba nipige mbili tatu. Twende kule bwawani, pasipo watu." Shingo yote ile ilikuwa imepungua. Huko nyuma nimemwona akifumba macho yote mawili anapopiga, nikadhani ni jua.

Nilikaribia kusema sawa. Kidogo tu, mama. Nilimwona baba kwenye mlango wa nyuma wa karakana, na nilimpenda, na nilitamani mtu angemkatalia. Nikasema, "Hapana, bosi. Kesho saa mbili asubuhi, uwanja wa shabaha, na wenzetu wote wakiwepo."

"Watanicheka."

"Watakucheka siku moja."

Aliondoka bila kuniaga, nikasema basi, nimeharibu.

Leo saa mbili kasoro kumi nilimkuta uwanjani, ametangulia, koti amelivua. Akawaambia wenzetu kwa sauti ile ile anayotupangia zamu kwamba magnamu inamuumiza na hawezi kuipiga macho wazi, na mwenye kucheka acheke sasa ili tuanze kazi. Hakuna aliyecheka. Mama wa stoo akatoa maganda matupu mfukoni. Kifaru alipopiga ya kumi, macho wazi, mmoja wa wenzetu akakohoa akasema na yeye angependa kujaribu kidogo, kwa kuangalia tu. Halafu mwingine. Halafu yule wa nne, ambaye tangu nirudi na bunduki hii alikuwa ananiita binti wa penseli.

Saa nne kasoro robo nilikuwa bado nimesimama kwenye foleni, nasubiri zamu ya bunduki yangu mwenyewe.

Mwenu,
Sisimizi